Daftari la Vipimo

Mabega ya Askofu Klementi: inchi kumi na sita na nusu.
Niliandika kwa kalamu ya risasi, mwaka ule
tulipokatwa kutoka Mombasa kama kipande pembeni mwa jora,
na watu wa Malindi wakaulizana,
hiki kitatosha kushona nini?

Kiti hakuwa nacho.
Tulimkalisha kwenye kochi la katekista Fondo,
lenye springi moja iliyotoboa ngozi,
akatubariki amekaa upande.

Alisema jimbo ni barabara kwanza.
Akaenda Garsen, akaenda Hola, akafika Kipini mto unapoishia,
na kila aliporudi pindo la kanzu lilibeba tope la rangi yake.
Aliyelifua ni mimi. Nilijua alikotoka kabla hajatua mkoba:
jekundu, Marafa;
jeusi, Tana imefurika tena;
jeupe lenye chumvi, alishinda Gongoni na wachota chumvi,
nao mshahara hawajapata.

Uzi nanunua kwa Bafakihi, duka la pili ukitoka msikitini.
Kanisani haingii, lakini kalenda yetu anayo kichwani.
Kijani miezi mingi. Nyekundu Pentekoste.
Siku moja akanitazama: "Zambarau mbona mapema, Mama Nyevu?
Kwaresima si bado wiki tatu?"
Nikamwambia si Kwaresima. Ni maziko.
Akalikunja jora polepole, akakataa pesa ya uzi.

Ukurasa wa pili: Askofu Severini, Mpokomo.
Bega la kulia limezidi la kushoto kwa robo inchi.
Utotoni alipiga kasia, akivusha watu na mbuzi wao.
Nilimkatia kanzu isiyo sawa
ili aonekane sawa.
Labda na kuongoza ni hivyo hivyo, sijui,
mimi fundi tu.

Alikosea pia, yaandikwe.
Alimhamisha Padri Mwaringa usiku, bila kuaga,
na waumini wa Muyeye wakafunga mlango wa kanisa
kwa mnyororo wa baiskeli, siku tisa.
Ya kumi alikuja kwa miguu. Hakubisha.
Alikaa kizingitini, jua likampanda mpaka utosini,
akina mama wakipita na ndoo, hakuna aliyemwamkia,
hadi mmoja akachoka kukasirika akamletea maji.
Kanzu ilinirudia imechanika gotini.
Sikuuliza. Nilitia kiraka kwa ndani.

Kisha miezi kumi na sita, kiti kitupu.
Katika sala ya Misa, pale jina la askofu linapotajwa,
padri aliliruka
kama mtu anayeruka ngazi iliyovunjika.
Wengine hawakusikia. Mimi nilisikia kila Jumapili,
pengo dogo, upana wa pumzi moja.
Nyumbani nilishakata kola.
Kola haihitaji kumjua mtu.
Mgongo niliuacha mezani, umebanwa kwa pini,
paka akaufanya kitanda.

Barua ya Roma ilisomwa saa nane mchana, Jumanne,
kengele ikapigwa na watoto wa shule kwa fujo tupu.
Wiki ya pili mtu akainama mlangoni pangu, Barani,
kijana kuliko nilivyodhani, soksi moja imegeuzwa.
"Wale wawili walikuwa inchi ngapi?"
Nikamfungulia daftari.
Alisoma kidole kikiwa juu ya namba,
kama asomaye ukoo mwanzoni mwa Injili ya Matayo.

"Na ile yenye kiraka iko wapi?"
"Tulimzika nayo, Baba."

Akanyamaza. Nje mtu alikuwa akibishania bei ya mihogo.
Nikamwambia anyooshe mikono,
akainyoosha kama mtoto anayejaribishwa sare ya shule,
shingo ngumu, macho ukutani.

Mabega: kumi na saba kasoro
na hapo ncha ya kalamu ikavunjika.
Akasubiri, mikono bado juu,
nikitafuta wembe wa kuichonga.